Keki ya Kitunguu na Ukuta wa Plaiwudi

Tume ya Ushindani ilipoamuru kampuni ya Letewa igawanywe vipande viwili, kampuni ilitii siku ileile. Aliitwa fundi mmoja, akaja na mbao za plaiwudi na mfuko wa misumari, akapiga mluzi asubuhi nzima, na kufikia chakula cha mchana ukiritimba ulikuwa umekwisha.

Letewa ni programu ya simu ambayo mji mzima unaitumia kuagiza chakula. Zamani mtu akitaka keki alitembea hadi dukani, akanusa, akachagua, akalalamikia bei, akanunua. Siku hizi analala chali anabonyeza. Hakuna aliyelazimishwa, na wenyewe hawachoki kulisema hilo. Ila mwokaji aliyekataa kujiunga alijikuta anaokea inzi.

Shangazi yangu alijiunga. Ana chumba kimoja cha kuokea kati ya duka la miwani na kinyozi, chenye oveni kubwa ya milango miwili, mashine ya kukorogea inayotikisa sakafu, na kishikwambi cha Letewa kilichotundikwa ukutani, kinacholia kila oda inapoingia. Mkataba ulimkataza mambo mawili: kuuza nje ya Letewa kwa bei nafuu zaidi, na kuandika namba yake ya simu kwenye boksi. Mteja alikuwa mali ya Letewa. Shangazi alikuwa mali ya oveni.

Hayo angeyavumilia. Kilichomkaba ni kwamba Letewa nao walikuwa na jiko lao, na lilioka keki. Shangazi akibuni keki ya chungwa na kahawa, watu wakaipenda, baada ya muda mfupi Jiko la Letewa linatoa keki ya chungwa na kahawa. Picha yake inawekwa juu kabisa ya skrini, na ya Shangazi inashushwa huko chini ambako kidole cha mteja hakifiki bila kupumzika njiani. Hawakuwa wachawi. Oda zote zilipita mikononi mwao, kwa hiyo walijua nani kaagiza nini, saa ngapi, na kaomba kiongezwe nini.

Ndiyo maana uamuzi wa Tume ulipotangazwa, Shangazi alioka sinia zima akawagawia majirani. Programu iwe kampuni moja, jiko liwe kampuni nyingine, na jiko lisichungulie kamwe oda za wauzaji. Kinyozi alikula vipande vitatu, akafuta mdomo kwa taulo ya mteja, akasema serikali ikiamua inaweza.

Mimi nilikuwa kwake kwa likizo. Nasoma shule ya bweni, na huko wananiita Askofu, eti siwezi kuomba hata chumvi bila utangulizi. Ni uzushi, lakini jina limenasa.

Mwanzoni mwa likizo Shangazi aliitwa na Meneja wa Letewa, nikamsindikiza. Hapo ndipo nilipouona ukuta kwa macho yangu. Ulianzia mlangoni, ukapita katikati ya meza ya mapokezi, ukaendelea ndani kama mstari wa kugawa bweni la wavulana wanaogombana. Dada wa mapokezi alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, goti moja kila kampuni.

"Mnakwenda Letewa au Jiko?" akauliza.

"Letewa," akasema Shangazi.

"Karibuni Letewa." Simu ikalia. Akazungusha kiti, akageukia upande wa pili wa plaiwudi. "Jiko la Letewa, habari za asubuhi." Akaongea, akakata, akarudi kwetu na kututazama kwa uso mpya kabisa. "Karibuni. Mmeshahudumiwa?"

"Na wewe mwenyewe," nikasema.

"Yule alikuwa wa upande ule."

Ofisini kwa Meneja tulimkuta Mkaguzi wa Tume, mzee nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, amepiga magoti anaupima ukuta kwa futi. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama daktari aliyekuta mapafu mazima.

"Unene unafaa," akasema. "Rangi pia imepakwa pande zote mbili. Wengine hupaka mmoja."

Ukuta huo haukufika darini. Sisemi hivyo kwa kuchongea, ila nilikuwa na macho. Tulipokuwa tunakaa, mkono ulijitokeza juu yake kutoka upande wa Jiko, umeshika rimoti. Meneja aliipokea bila kuinua uso, akapunguza baridi ya kiyoyozi, akairudisha, mkono ukazama. Mkaguzi wakati huo alikuwa anaandika kipimo cha chini.

Meneja alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na manukato yaliyotangulia kuingia. Alimwita Shangazi "mama yangu mpenzi," ingawa mama yake mzazi, ninavyojua, yuko hai na ana adabu.

"Mama yangu mpenzi, biashara ni ngumu siku hizi," akaanza. "Hizi sheria mpya zimetuumiza sote. Tumelazimika kuweka ada ndogo kwa wauzaji, tunaiita mchango wa utii. Na mteja akitaka kununua kwako, sheria inatutaka tumpe taarifa kamili."

Taarifa kamili nilikuwa nimeshaiona kwenye simu. Ukigusa keki ya Shangazi skrini inakuuliza: Je, unafahamu kwamba muuzaji huyu si Jiko la Letewa? Ukikubali inakuuliza kama una uhakika. Ukiwa na uhakika inakuuliza kama umewashauri wa nyumbani. Keki ya Jiko unagusa mara moja, inakuja. Hakuna hata mstari mmoja wa sheria ulioagiza maswali hayo. Ni Letewa walioisoma sheria, wakachagua namna ya kuitii inayomuumiza yule aliyetungiwa.

"Sasa nina jambo zuri," Meneja akaendelea. "Uza oveni kwa Jiko, uje na ujuzi wako, tutakuajiri. Cheo chako kitakuwa Mshirika wa Ladha. Utapewa aproni yenye jina."

"Jina langu?"

"La kampuni."

Mkaguzi alikohoa kutoka sakafuni akasema ofa ya hiari haivunji sheria yoyote.

Shangazi aliomba muda. Meneja akampa wiki tatu, zikiisha lori litakuja ama kuchukua oveni ama kurudi tupu, na akicheka hivi kwa huruma akasema malori ya Letewa hayajazoea kurudi matupu.

Shangazi hakukata tamaa mara moja. Alirudi akabuni keki ya karoti na tangawizi, laini, yenye kirimu ya siagi. Ikapendwa licha ya maswali yote. Wiki haikuisha, Jiko la Letewa likaja na keki ya karoti na tangawizi. Shangazi akampigia simu Mkaguzi.

"Mama, karoti ni ya kila mtu," Mkaguzi akamjibu, sauti ikisikika chumba kizima. "Tangawizi vilevile. Utathibitishaje kwamba hawakuwaza wenyewe? Mwenye akili timamu yeyote anaweza kuwaza karoti. Na ukuta nimeupima mimi."

Shangazi akaweka simu juu ya meza yenye unga, akaegemea oveni. "Mwenye akili timamu," akasema polepole. "Basi."

Neno lile lilinikaa kichwani. Nilikwenda kumtafuta Redio, rafiki yangu wa shule, anayeitwa hivyo kwa sababu hana swichi ya kuzimia. Nikamweleza: tunahitaji keki ambayo mwenye akili timamu hawezi kuiwaza. Ikitokea Jiko wameiwaza, watakuwa wameichungulia.

"Keki ya maharage," akasema Redio.

"Kuna watu watajaribu."

"Keki ya samaki. Keki ya sabuni. Keki ya kitunguu kibichi."

Tukatazamana.

Sehemu ya uzuri wa mpango huu ni kwamba hatukugusa ukurasa wa Shangazi. Pale palibaki pameandikwa Keki Nyeupe Ndogo, na picha yake, basi. Lakini Letewa ina kisanduku kidogo ambamo mteja humwandikia mwokaji ombi lake: punguza sukari, andika jina la mtoto, na kadhalika. Ombi hilo halionekani na mtu mwingine yeyote. Linakwenda kwenye kishikwambi cha mwokaji, na linapita Letewa. Nikatunga ombi, Redio akalisambaza kwa wenzetu wote wa bweni waliotawanyika mjini kwa likizo, pesa tukachanga, na kila mmoja akaagiza keki nyeupe kwa ombi lilelile, neno kwa neno: *Kwa heshima na taadhima, naomba juu yake viwekwe vitunguu vibichi vya duara, vinyunyiziwe sukari.*

Kuhusu kuzila, sitajisifu. Mtu aliyemaliza miaka mitatu akila uji wa bweni hana tena chakula anachokiogopa.

Shangazi hatukumwambia. Tulihofu akijua atakataa, kwa sababu ana heshima na kazi yake. Oda ya kwanza ilipolia aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Oda ya pili ilipolia akaita kinyozi aje amsomee. Lakini ya kumi haikumshangaza. Alikata vitunguu, machozi yakimtoka, na kwa muda nilidhani ni kitunguu tu.

"Nimeoka miaka yote hii," akasema bila kugeuka. "Nimepima vanila kwa tone. Kumbe watu walikuwa wananisubiri nikate kitunguu."

"Shangazi, ladha za watu hubadilika," nikasema, kwa sauti isiyo na nguvu.

"Basi zimenipita. Hili lori likija lichukue. Heri niwe Mshirika wa Ladha kuliko kuwafanyia watu hivi chini ya jina langu." Akafunika vanila, akaipandisha kwenye rafu ya juu kabisa, ile isiyofikiwa bila stuli.

Mtego wa kumnasa Meneja ulikuwa umemnasa Shangazi. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia kishikwambi kikalia. Shangazi akasoma oda kwa sauti. Alipofika kwenye taadhima akasimama. Akarudia nyuma kidogo. Kisha akanigeukia na kisu mkononi, kitunguu nusu ubaoni.

"Wewe mtoto."

"Naam, Shangazi."

"Katika mji huu wote, ni nani mwingine anaomba kitunguu kwa heshima na taadhima?"

Nilimweleza yote, kwa ufupi kuliko kawaida yangu, nikikitazama kisu. Alisikiliza. Alipofahamu kwamba vitunguu vyote vile vimeliwa na wanafunzi wenye afya njema, uso ulilegea. Alipofahamu kwa nini, uliacha kulegea ukawa kitu kingine, kama wa mtu aliyesikia oveni imefikia joto.

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Nilikuwa natafuta utangulizi."

Akanipiga kichwani kwa kijiko cha mbao, si sana. "Waambie wenzako waagize tena. Na waambie nitavikata vyembamba zaidi. Kama ni upuuzi, utoke dukani kwangu ukiwa umepangwa vizuri."

Vanila aliishusha mwenyewe.

Kisha tukasubiri, na nikiri kwamba nilianza kuwaheshimu Letewa. Siku zilipita bila kitu. Nilijiambia labda kuna binadamu kule anayesoma kabla ya kuiba. Wiki tatu zikafika siku ya mwisho, lori likawa njiani, na asubuhi hiyo Redio akaingia anahema, simu mbele kama mshumaa.

"Askofu, imetoka. Shangazi, imetoka."

Ilikuwa juu kabisa ya skrini. Keki nyeupe, vitunguu vya duara, sukari ikimetameta kama umande. Chini yake maneno haya: *Jiko la Letewa, kwa heshima na taadhima, linakuletea ladha mpya iliyobuniwa na wataalamu wetu: Keki ya Vitunguu vya Duara.*

Walikuwa wamebeba hata salamu. Mashine yao ilikusanya maombi, ikaona maneno yanayojirudia, ikayapeleka yote jikoni na kwenye tangazo, na katika kampuni nzima, pande zote mbili za plaiwudi, hakukuwa na mtu mmoja mwenye ulimi wa kuonja au dakika ya kushangaa.

Shangazi aliagiza moja. Programu haikumuuliza kama amewashauri wa nyumbani. Kisha akampigia Mkaguzi, akamkaribisha chai, akamwambia aje na futi yake.

Lori lilifika likiwa na wabebaji wanne na Meneja mbele, tai imenyooka. Alimkuta Mkaguzi amekaa kwenye stuli na kikombe, akafurahi kumwona kama mtu aliyekuta shahidi wa harusi.

"Mama yangu mpenzi, umefanya uamuzi wa busara," akasema. Wabebaji wakaanza kuizunguka oveni wakitafuta pa kushika.

"Kwanza tule," akasema Shangazi. Akafungua boksi la Jiko, akakata vipande viwili vikubwa, akaviweka kwenye sahani za wageni. "Nimeagiza hii kwenu. Kama nitakuwa Mshirika wa Ladha, nataka nijifunze. Nani aliibuni?"

"Timu yetu," akasema Meneja akiitazama sahani. "Ni utafiti mrefu sana. Tulizungumza na familia mbalimbali."

"Uliionja?"

"Bila shaka."

"Basi onja tena, tusile peke yetu."

Meneja akala. Sijawahi kuona mtu akitafuna kwa uangalifu kiasi kile. Mkaguzi naye, kwa sababu ya chai ya watu, akaingiza kipande chote. Akaacha kutafuna. Jicho lake la kulia likaanza kutoa machozi, kisha la kushoto, na akatoa leso huku akidumisha cheo chake.

"Kitunguu," akasema.

"Kibichi," akasema Shangazi. "Mzee, uliniambia mwenye akili timamu yeyote anaweza kuwaza karoti. Nakuuliza na hiki."

Akakishusha kishikwambi ukutani, akakiweka magotini pa Mkaguzi, akamwonyesha oda moja baada ya nyingine. Redio akasimama nyuma yake akisoma kwa sauti ya taarifa ya habari: kwa heshima na taadhima, vitunguu vya duara, kwa heshima na taadhima, vitunguu vya duara. Halafu akasoma tangazo la Jiko. Wabebaji wakaiachia oveni wakaja kusikiliza. Kinyozi aliingia na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa.

"Haya maombi yanaonekana na nani?" Mkaguzi akauliza.

"Na mimi," akasema Shangazi, "na Letewa."

"Ni kufanana kwa bahati," akasema Meneja. Pumzi yake ilijaza chumba, manukato yakashindwa. "Wabunifu wawili wanaweza kufikia wazo moja."

"Na taadhima moja?" nikauliza.

Mbebaji mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mkaguzi hakucheka. Alikuwa ametoa futi yake na anaiangalia, ameishika mikononi bila kujua aipime wapi.

"Nilipima upana," akasema hatimaye. "Na unene."

"Urefu wa kwenda juu, mzee?" akauliza Shangazi kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi.

"Fomu haikuuliza."

Lori likarudi tupu. Meneja aliondoka akiwa amekaa mbele na dereva, vioo vyote vimeshushwa, na nadhani aliyevishusha ni dereva.

Tume haikuchelewa kutoa uamuzi mwingine, na ulikuwa mzito. Kurasa nyingi zilizungumzia ukuta. Uwe wa matofali. Ufike darini. Viyoyozi viwe viwili. Dada wa mapokezi achague upande. Magazeti yalipiga picha tofali la kwanza, na Mkaguzi akionekana amelishika kama mtoto wa kubatizwa. Letewa wakatii, wakapandisha mchango wa utii kulipia matofali, na wakaongeza swali jipya kwa mteja wa Shangazi: Je, umelitafakari hili vya kutosha?

Lakini mwisho kabisa wa uamuzi, baada ya vipimo vya saruji, palikuwa na sentensi moja fupi ambayo hakuna gazeti lililoigusa, na nina shaka kama aliyeiandika alikuwa ameamka sawasawa. Ilisema muuzaji yeyote ana ruhusa ya kuandika namba yake ya simu kwenye boksi lake, na kuuza kwa bei anayotaka popote.

Shangazi alichonga muhuri. Niliahirisha kufunga sanduku la shule ili nimpigie mihuri maboksi, Redio akipanga na kutangaza. Keki za kwanza zilitoka na namba kubwa kifuniko kizima. Kabla trei hazijakauka simu yake ikaanza kulia, ile yake mwenyewe, iliyokuwa mfukoni mwa aproni isiyo na jina la mtu. Kishikwambi ukutani nacho kikalia. Akakipa mgongo.

Siku ninayorudi shule, nikiwa tayari mlangoni na sanduku, aliitika simu akanifanyia ishara ningoje. Akaibonyeza ili nisikie. Ilikuwa sauti ya kijana, chini kidogo, sauti ya mtu aliyefunika mdomo kwa mkono ofisini.

"Naomba keki ya karoti na tangawizi. Kubwa. Ni siku ya kuzaliwa ya mama."

"Kwa jina gani?"

"Bila jina. Na isiwe na kitunguu."

Shangazi hakunitazama, maana tungecheka wote wawili. "Nikuletee, au utapitia Letewa?"

"Hapana, hapana. Nitakuja mwenyewe. Kuna mlango wa nyuma?"

"Mlango ni huu mmoja," akasema Shangazi, akivuta unga karibu, "na una foleni. Ukifika, simama nyuma ya kinyozi."